Dawa ya kupunguza uzito imenigomea. Waliokwama kama mimi mlifanyaje?

#1 Nuru_Asubuhi
Wakuu, habari zenu.

Najichoma semaglutidi kila wiki, sasa inaelekea mwaka. Nilianza na kilo 118, leo mizani inasoma 112 na imeganda hapo kwa miezi kadhaa. Urefu wangu ni mita 1.64. Njaa imepungua kweli, sahani yangu ni nusu ya ile ya zamani, na jioni natembea. Mitandaoni kila mtu anaonyesha nguo zinazompwaya, mimi zangu zinanibana vilevile.

Nyumbani nimeanza kuulizwa kama nakula kwa kujificha. Inauma. Nasema wazi: dawa hizi hazimkubali kila mtu, na waliokwama hawasikiki. Naomba niwasikie hao. Mliongeza dozi, mlibadili dawa, mlienda kufanyiwa upasuaji, au mliacha?

#2 Kaka_Mizani
Pole dada. Kabla hatujafika mbali, uko dozi gani? Semaglutidi ya uzito hupanda ngazi: 0.25 mg, 0.5, 1, 1.7, kisha 2.4, na kila ngazi ni wiki 4. Mtu anafika 2.4 baada ya wiki 16. Wengi ninaowasikia wakilalamika wamekaa 0.5 muda wote. Ile 0.25 haikuwekwa ipunguze uzito, ni ya kulizoesha tumbo.

#3 Nuru_Asubuhi
Niko 1. Nilipopanda 1.7 nilitapika usiku kucha, daktari akanirudisha chini.

#4 Jiwe_la_Pembeni
Mtanisamehe, ila hesabu ni ileile tangu enzi. Punguza kalori 500 kwa siku, nusu kilo inaondoka kila wiki. Kwa mwaka ni kilo 26. Asiyepungua anakula.

#5 Mama_Pacha
@Jiwe_la_Pembeni kwa hesabu yako, baada ya miaka mitano dada yetu atakuwa na kilo hasi 12. Tutamtafuta wapi?

#6 Famasia_ya_Zamu
Mama Pacha umenichekesha, lakini umegusa penyewe. Hesabu ya #4 inachukulia kwamba mwili unaendelea kutumia nguvu ileile huku unapungua. Hautumii. Mwili mdogo unahitaji kidogo, na juu ya hapo unabana matumizi kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake. Njaa nayo inapanda. Kuna utafiti wa mwaka 2011 wa Australia, wa Priya Sumithran na wenzake: watu walipunguzwa uzito kwa chakula cha kalori kidogo sana, na mwaka mmoja baadaye homoni za njaa na shibe zilikuwa bado zimeegemea upande wa kuwarudisha walikotoka.

Kwa mwenye uzi: majaribio makubwa ya semaglutidi 2.4 mg, yaliyochapishwa 2021 kwa jina STEP 1, yalitoa wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68. Huo ni wastani tu. Ndani yake kuna waliopoteza zaidi ya asilimia 20, na kuna karibu watu 14 katika kila 100 ambao hawakufikisha hata 5. Walikuwa wanajichoma dawa halisi, chini ya uangalizi, wakipewa ushauri wa chakula. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie hayo hayatokei.

Una kisukari? Nauliza kwa sababu kwenye jaribio la wenye kisukari aina ya 2 dozi hiyohiyo ilitoa asilimia 9.6 tu.

#7 Nuru_Asubuhi
Sukari iliwahi kusoma juu kidogo, wakasema naikaribia. Sasa hivi imeshuka imekaa sawa. Asante kwa maelezo.

#8 Kaka_Mizani
Kutoka 118 hadi 112 ni asilimia 5 na chembe. Kwa dozi ya 1 siyo kwamba dawa imegoma kabisa. Ni kwamba hujafika.

#9 Daktari_Mstaafu
Salaam. Naungana na #8 kwa nusu. Zipo dawa za uzito zenye kanuni ya kuacha. Liraglutidi kwa maelekezo ya Marekani: kama baada ya wiki 16 hujapoteza asilimia 4, acha. Naltreksoni na bupropioni: asilimia 5 baada ya wiki 12 za dozi kamili. Kwa kanuni hizo wewe umefaulu. Lakini mgonjwa wa kilo 112 mwenye magoti yanayouma hapati nafuu kwa sababu karatasi imesema amefaulu. "Haitoshi" ni jambo la kitabibu, tusilidharau.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: unameza dawa gani nyingine?

#10 Mama_Pacha
Hapo dokta umenigusa. Mimi nilihangaika na sindano huku nameza valproati ya kifafa, na hakuna aliyeziweka dawa hizo mbili meza moja. Daktari wa mishipa ya fahamu alipoibadilisha, taratibu, ndipo mizani ikaanza kusogea. Sikugusa chakula wala sikuongeza mazoezi.

#11 Famasia_ya_Zamu
Na orodha ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Prednisoloni ya muda mrefu. Insulini na vidonge vya sukari vya jamii ya glibenklamidi. Olanzapini na klozapini. Amitriptilini, mirtazapini. Gabapentini na pregabalini za maumivu ya neva. Baadhi ya dawa za presha kama propranololi na atenololi. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3 kwa baadhi ya wanawake. Nyingi zina mbadala usionenepesha, ila anayebadilisha ni aliyekuandikia, siyo wewe jikoni kwako.

#12 Nuru_Asubuhi
Nameza pregabalini. Ya mgongo. Tangu kabla sijaanza sindano.

#13 Kaka_Mizani
Aisee. Uzi umekwisha huo, jibu limepatikana.

#14 Daktari_Mstaafu
Haujaisha kaka. Pregabalini inaweza kuwa sehemu, haimaanishi ndiyo yote. Na dada, tafadhali usiiache ghafla. Inashushwa polepole, la sivyo unaweza kukosa usingizi, kutokwa jasho, wengine hata kupata degedege. Nenda na boksi zote kliniki, umwage mezani, uulize moja moja.

#15 Jiwe_la_Pembeni
Sawa, nimewasikia. Ila tusigeuze kila kitu kuwa dawa na homoni. Kuna wale wa kipindi cha televisheni cha Marekani walioshindana kupungua. Walijituma, wakapungua makumi ya kilo bila sindano.

#16 Mpiga_Mbizi
Mkuu, umechagua mfano mbaya kwa hoja yako. Hao hao walipimwa tena miaka sita baadaye, matokeo yakatoka 2016. Walikuwa 14. Wengi walirudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa inachoma karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

#17 Mwalimu_wa_Viungo
Na hapo watu hukomea, wakasema metaboli, yaani namna mwili unavyochoma nguvu, imeharibika milele. Someni mbele. Kwenye kundi hilo, wenye mshuko mkubwa wa metaboli hawakuwa ndio waliorudisha uzito zaidi. Kevin Hall, aliyeongoza utafiti, aliutafsiri upya mwaka 2022 akihusisha mshuko huo na wingi wa mazoezi waliyoendelea kuyafanya. Na waliobaki chini ndio waliokuwa wanajishughulisha zaidi. Kwa hiyo Jiwe hajakosea yote.

#18 Jiwe_la_Pembeni
Leo nimepata wakili. Asante mwalimu.

#19 Mwalimu_wa_Viungo
Usishangilie mapema. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana, kazi yake kubwa ni kuulinda usirudi. Mwaka 2021 Wadenmaki walichukua watu waliokwisha kupungua kwa mlo, wakawagawa: liraglutidi tu, mazoezi tu, vyote viwili, au sindano tupu isiyo na dawa. Waliopata vyote viwili ndio waliokaa vizuri zaidi baada ya mwaka, hasa kwa mafuta ya mwili.

Dada Nuru, kutembea ni kuzuri, ongeza kubeba uzito. Anayepungua kwa dawa hupoteza na misuli. Jambo hilo kwa mtu anayekula nusu sahani linanitia hofu kuliko mizani. Protini iwe ya kwanza kuingia mdomoni kwenye kila mlo, vingine vifuate.

#20 Zawadi_K
Ngojeni nami niseme la kwangu, maana kila mtu anazungumzia tumbo na mimi shida haikuwa tumboni.

Sindano ilininyamazisha njaa mchana. Saa za kazi nilikuwa sawa kabisa, nasahau hata kula. Usiku, kila mtu akilala, nilikuwa nakula bila njaa. Nakula haraka, nakula mpaka naumwa, naficha maganda. Asubuhi najichukia. Kwa miaka nilidhani ni ulafi, na kila aliyeniambia "jizuie" alinizidishia, kwa sababu siku ya kuaibishwa ndiyo siku ya kula zaidi usiku. Nilipokuja kumwambia mtaalamu wa saikolojia, hakushangaa. Ni ugonjwa, unajulikana, una tiba yake ya mazungumzo, na dawa ya njaa haiufikii wote kwa kuwa chanzo chake siyo njaa.

Sasa nilipoona #1, "nimeanza kuulizwa kama nakula kwa kujificha", nilisimama hapo. Sisemi wewe ndivyo ulivyo. Nasema yeyote anayesoma kimya kimya na ndivyo alivyo, aliseme kwa mtu wa tiba kabla hajapandishiwa dozi.

#21 Mama_Pacha
Zawadi, Mungu akubariki kwa kuandika hilo.

#22 Jiwe_la_Pembeni
@Zawadi_K nimekusoma mara mbili. Neno la #4, "asiyepungua anakula", nalitoa.

#23 Nuru_Asubuhi
Zawadi, si hali yangu, lakini nimekuelewa hadi mwisho. Asante.

#24 Mzee_wa_Zamu_ya_Usiku
Hamjagusa usingizi. Kuna anayekukoroma ndani? Samahani, namaanisha wewe unakoroma? Usingizi mfupi huishusha leptini, homoni ya shibe, na kuipandisha grelini, homoni ya njaa; njaa inakuja na hamu ya vitamu. Mimi niligundulika nabanwa pumzi usingizini. Mashine ya kupuliza hewa haikunipunguza uzito, wasikudanganye, ila ilinirudishia nguvu za kutembea mchana. Ndiyo iliyonifaa.

#25 Kaka_Mizani
Kuna na dawa inayosaidia hilo moja kwa moja. Tirzepatidi iliruhusiwa Marekani Desemba 2024 kwa wenye kubanwa pumzi usingizini na unene. Na kwa mwenye uzi, mbona hakuna aliyesema abadili? Nimesikia hiyo inatoa asilimia 40.

#26 Famasia_ya_Zamu
Hapana, 40 si kweli. Kwenye jaribio lake la 2022, dozi ya juu ya 15 mg ilitoa wastani wa asilimia 20.9 kwa wiki 72. Mwaka 2025 zikashindanishwa ana kwa ana: tirzepatidi asilimia 20.2, semaglutidi 13.7. Kwa hiyo kubadili kuna mantiki, hasa kwa aliyekwama, japo hakuna ahadi. Nao walikuwapo wasiopungua.

Mawili ya kushika. Usichanganye zote mbili kwa wakati mmoja, nimeona watu wakijaribu. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, tirzepatidi inaweza kuvipunguzia nguvu. Maelekezo ni kuongeza kinga nyingine kwa wiki 4 baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha dozi. Mwanamke anayepungua anaweza kushika mimba aliyoikosa kwa miaka, na dawa hizi si za mjamzito.

#27 Mpiga_Mbizi
Nami naongeza sababu nyingine: labda si dawa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Dada, kalamu unaipata kwa nani? Na unaihifadhi vipi? Ambayo haijafunguliwa inataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na ikigandishwa ndiyo imekwisha hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

#28 Nuru_Asubuhi
Famasia yenye leseni, jokofuni. Na kutapika kwangu nadhani kulikuwa kwa dawa halisi!

#29 Daktari_Mstaafu
Kutapika si ushahidi, kalamu bandia zimewahi kukutwa na vitu vingine kabisa. Lakini sukari yako kushuka ni dalili njema zaidi.

#30 Tulia_Salama
Habari wapendwa. Nimefuata uzi huu kimya, sasa nasema: mimi nilikwama kama Nuru, nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kuliacha tumbo likiwa jembamba kama mkono wa shati. Najua mtu akisikia "kukatwa tumbo" anaona kaburi. Ulifanyika kwa matundu madogo, nilitembea siku ileile.

Miezi ya mwanzo ni migumu. Unakunywa kwa vijiko. Unajifunza kwamba tonge moja la ziada linakulipa maumivu ya kifua. Nywele zilipukutika, zikarudi. Vitamini ni za maisha: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Anayetapika sana bila kupewa thiamini anaweza kuharibika neva na ubongo, kwa hiyo siyo jambo la kupuuzia. Uzito umeshuka kuliko dawa yoyote niliyowahi kugusa. Kiungulia nimekipata na sikuwa nacho. Ningeulizwa leo ningefanya tena, ila ningependa mtu aniambie mapema kuhusu kiungulia.

#31 Kaka_Mizani
Si mpaka uwe na BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu, ya 40 ndipo wakukubalie?

#32 Famasia_ya_Zamu
Hiyo ni kanuni ya 1991: 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaoambatana. Mwaka 2022 vyama viwili vya wapasuaji wa fani hiyo vilishusha: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 hadi 34.9 wanaweza kufikiriwa wakiwa na kisukari au matatizo ya metaboli. Nchi na bima nyingi bado zinashika ya zamani. Nuru, kwa urefu wako BMI ni kama 41.6, kwa hiyo unaingia kwa kanuni zote.

#33 Mwalimu_wa_Viungo
BMI haijui misuli wala mafuta yamekaa wapi. Pima kiuno, kikizidi nusu ya urefu, hatari inapanda. Hata jopo la jarida la Lancet la Januari 2025 lilisema BMI peke yake isitumike kumtangaza mtu mgonjwa. Iangaliwe kama viungo vimeathirika.

#34 Mama_Pacha
Mwalimu, magoti ya dada yangu yanajua BMI vizuri sana.

#35 Shemeji_Mpole
Mimi naona mnaharakisha kisu. Mwanamke ameshuka asilimia 5, sukari imekaa sawa. Mbona hamhesabu hilo? Semaglutidi kwenye jaribio la 2023 la watu zaidi ya 17,000 wenye ugonjwa wa moyo bila kisukari ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20, na faida haikutegemea kilo peke yake. Labda dawa inafanya kazi pale mizani haioni.

#36 Tulia_Salama
Shemeji, kwa habari ya ugonjwa wa moyo sikupingi. Ila usimfariji mtu kwa faida asiyoiona wakati anashindwa kupanda ngazi. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

#37 Zawadi_K
Na akiacha? Mimi niliacha kwa muda, kilo zikarudi kwa kasi.

#38 Daktari_Mstaafu
Ndivyo ilivyo kwa wengi. Washiriki wa STEP 1 waliofuatiliwa baada ya kuacha walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Ndiyo maana "haifanyi kazi, naacha" ni uamuzi wa kupimwa. Huenda inakushikilia kwenye 112 badala ya kukuacha upande 120. Hilo nalo ni kazi, ingawa halionekani.

Nuru, vipimo ambavyo ningeviomba: thairoidi, historia ya usingizi, mzunguko wa hedhi kwa ajili ya vifuko vya ovari, na dalili za homoni ya kotisoli kuzidi kama michirizi ya zambarau na kuchubuka ovyo. Mara nyingi havitoi kitu. Vinapotoa, vinabadilisha tiba nzima.

#39 Baba_Mdogo
Samahani kuchepuka. Mwanangu ana miaka minne, njaa haimtoki, analia akinyimwa, amenenepa tangu mchanga. Watu wanasema ni malezi. Dawa hizi kwa mtoto?

#40 Daktari_Mstaafu
Siyo malezi mpaka ithibitike. Unene mkali kabla ya miaka mitano pamoja na njaa isiyoshibika ni sababu ya kuomba kipimo cha vinasaba. Kuna hitilafu adimu za njia ya leptini ndani ya ubongo, na baadhi zina dawa yake, setmelanotidi, iliyoruhusiwa Marekani tangu 2020. Sindano hizi za kawaida usizijaribu kwake. Mpeleke kwa daktari wa homoni za watoto, na wasimwaibishe shuleni.

#41 Baba_Mdogo
Asante sana dokta. Nafungua uzi wake kesho.

#42 Jiwe_la_Pembeni
Mpaka sasa tuna: dozi ndogo, pregabalini, usingizi, vinasaba, kalamu bandia, kula usiku, mwili kubana matumizi, na labda mimi. Nani ashinde?

#43 Mpiga_Mbizi
Bandia nimeshaiondoa. Mimi bado nasema mwili unatetea uzito wake.

#44 Kaka_Mizani
Dozi.

#45 Mama_Pacha
Pregabalini, na sirudi nyuma.

#46 Nuru_Asubuhi
Nimepata miadi. Nakwenda na boksi zote kama dokta alivyosema, na nimeandika: pregabalini, thairoidi, kukoroma (mume anasema ndiyo), tirzepatidi, na kuonana na mpasuaji angalau nisikilize. Nyumbani nimewasomea #20 kwa sauti. Hakuna aliyeniuliza tena habari ya kujificha.

Swali moja la mwisho kwa Famasia: nikijaribu tena 1.7, kuna namna ya kutotapika?

#47 Famasia_ya_Zamu
Muulize daktari kama anaweza kukuacha kwenye 1 kwa wiki 4 zaidi kabla ya kupanda. Maelekezo yanaruhusu kuchelewesha. Milo midogo, taratibu, acha kula pale unapoanza kushiba, siyo pale ulipozoea kumaliza. Vya mafuta mengi uviepuke siku mbili tatu za mwanzo baada ya sindano. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni siyo kichefuchefu cha kawaida, hayo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Na kwa kuwa una mgongo unaouma tayari, mwambie daktari hilo mapema, msije mkayachanganya.

#48 Mzee_wa_Zamu_ya_Usiku
Huyo mume anayesema unakoroma, mwambie akurekodi kwa simu. Daktari wa usingizi atashukuru.